Mama anaogopa damu ya watu, kaka anataka aongezwe leo

*Shikamoo Shangazi,*

*Naandika kutoka Moshi, Pasua. Kwetu tuko wanne, ila mimi ndiye niliyebaki karibu na nyumbani, kwa hiyo mambo yote ya Mama yananiangukia. Mama ana miaka 61, anaishi Kibosho.*

*Kwa muda mrefu alikuwa analalamika kichwa kinamuuma asubuhi, sisi tukadhani ni presha. Siku moja nimeenda kumwona, akawa ananimiminia chai. Akamimina pembeni ya kikombe. Chai ikatiririka mezani mpaka kwenye khanga yake, na yeye anaendelea kumimina huku ananiuliza habari za watoto. Ndipo nikajua upande wa kushoto haoni. Tukampeleka hospitali, akapigwa picha ya CT na baadaye ya MRI, wakakuta uvimbe kwenye utando unaofunika ubongo. Wanauita meninjioma. Daktari anasema kwa jinsi unavyoonekana si saratani na unakua taratibu, ila umeshakuwa mkubwa, lazima utolewe.*

*Sasa shida ni damu. Alipopimwa hemoglobini, yaani wingi wa damu, alikuwa na gramu 9.6. Daktari akasogeza upasuaji wiki tatu mbele, akampa vidonge vya kuongeza damu, akatuambia tupeleke ndugu wanne wakachangie. Kaka yangu mkubwa yuko Arusha, Njiro, ndiye mwenye pesa, amewaka moto. Anasema huo ni uzembe, mgonjwa wa ubongo hatakiwi kuwa chini ya 10, kaonyeshwa kwenye simu utafiti wa mwaka 2024. Anataka Mama aongezwe chupa mbili leo, na ameshapata mtu nje ya geti la hospitali anayeweza kuleta wachangiaji kwa laki moja na nusu kila mmoja, ili sisi tusisumbuke.*

*Halafu kuna jambo ambalo hajui. Usiku nilipolala na Mama aliniambia, "Mimi damu ya watu sitaki. Usiwaambie." Dada yake mkubwa alifariki mwaka 1994. Aliongezwa damu baada ya kujifungua, baadaye akaanza kuugua, akakonda, na nyumbani wote walijua ni nini ingawa hakuna aliyelitaja. Mama ndiye aliyemuuguza. Nikamwuliza, na damu yetu sisi watoto wako? Akasema, "Hiyo labda."*

*Nilipomgusia kaka kwamba tumsikilize Mama kwanza, akanijibu kuwa mtu mwenye uvimbe kichwani hawezi kuamua, anasahau hata siku, kwa hiyo mimi nisaini tu fomu. Akishalala usingizi hatajua kama ameongezwa au la.*

*Mama kwa sasa anatumia dawa ya kushusha uvimbe wa ubongo, ya kuzuia degedege, hizo za damu, na zile zake za magoti alizozoea kununua duka la dawa. Anakula vizuri. Nimebaki njia panda. Nimwambie daktari siri ya Mama? Nisaini?*

*Mtoto wa Kibosho*

Marahaba mwanangu, poleni sana na kuuguza.

Kabla sijafika kwa kaka yako, nimesimama kwenye maneno uliyoyapitisha haraka mwishoni: "zile zake za magoti". Nilipokuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji tuliwazoea kina mama wa namna hii, wanataja dawa zote za daktari na kusahau za duka kwa sababu hizo kwao si dawa, ni mazoea. Kama ni diklofenaki, aspirini au ndugu zake, mpigie daktari leo umtajie jina lililoandikwa kwenye pakiti. Dawa hizo huchubua tumbo na kulifanya livuje damu kidogo kidogo bila mtu kujua. Pia zinazuia chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zisifanye kazi yake. Ukichanganya na dawa ya kushusha uvimbe wa ubongo, ambayo kwa kawaida ni deksamethasoni, hatari ya vidonda vya tumbo inapanda zaidi. Mama wa miaka 61 ameshaacha kupata siku zake, kwa hiyo 9.6 ina chanzo mahali. Muulize, bila aibu, kama choo chake kilikuwa cheusi kabla hajaanza vidonge vya damu. Nasema kabla, kwa sababu vidonge hivyo navyo hukifanya kiwe cheusi.

Na hiyo deksamethasoni Mama asije akaachishwa nyumbani kwa sababu umesoma neno "hatari" hapa. Inamlinda ubongo. Zinazojadiliwa ni za magoti.

Sasa kaka. Simlaumu, mtoto aliye mbali na mgonjwa hutaka kufanya jambo linaloonekana, na chupa ya damu inaning'inia juu ya kitanda kila mtu anaiona. Lakini chupa moja humpandishia mtu mzima takribani gramu moja tu. Mbili zingemfikisha 11 na kitu kwa siku chache, halafu kama tumbo linavuja, zinavuja nazo. Damu ya mtu mwingine haiingii mwilini bure: inaweza kuleta homa na mzio, inaweza kuulemea moyo na kujaza mapafu maji kwa mtu wa umri wake, na inaweza kuufundisha mwili kutengeneza kinga dhidi ya damu za wengine, hata siku ya upasuaji ikawa kazi kumpatia inayopatana naye. Ndiyo maana daktari mwenye wiki tatu mkononi, na uvimbe usio na haraka, hutumia wiki hizo kuitengeneza damu ya Mama mwenyewe. Huo si uzembe. Ningekuwa na wasiwasi na daktari aliyekimbilia chupa siku ya kwanza.

Mtumie kaka hili pia, kwa sababu amesoma kweli ila hakusoma yote. Mwaka 1999 madaktari wa Kanada walichapisha utafiti wa wagonjwa 838 waliokuwa vyumba vya mahututi. Nusu waliongezwa damu wakishuka chini ya 10, nusu wakasubiriwa mpaka chini ya 7, na waliosubiriwa hawakufa zaidi. Tangu hapo hospitali nyingi duniani zikapunguza mkono wa kuongeza. Ila ubongo ni mlaji mkubwa. Uzito wake ni kama asilimia 2 ya mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, na oksijeni inabebwa na hiyo hemoglobini tunayoihesabu. Kwa hiyo watu wa ubongo waliendelea kubishana, na mwaka 2024 zikatoka tafiti kadhaa kwa mpigo. Mmoja, uliochukua wagonjwa kutoka nchi 22, uliwalinganisha walioongezwa wakishuka chini ya 9 na waliosubiriwa mpaka chini ya 7. Baada ya siku 180, asilimia 62.6 ya kundi la kwanza walikuwa wamefariki au hawakupona vizuri, na kundi la pili asilimia 72.6. Tofauti hiyo si ndogo. Mwingine, wa majeruhi wa kichwa, ulilinganisha 7 na 10, na tofauti iliyoonekana haikutosha kuthibitisha kitu.

Hao wa tafiti za 2024 walikuwa nani? Watu walioanguka na bodaboda, waliopasukiwa mshipa kichwani, waliolala mahututi ubongo ukiwa umeshajeruhiwa. Mama yako anatembea, anakula, anakumbuka dada yake. Tafiti hizo zitamhusu zaidi akiwa mezani na siku za mwanzo baada ya kutoka. Hapo ndipo kaka ana swali zuri la kumwuliza daktari wa usingizi, na amwulize kwa heshima: "Mkiwa ndani, na akiwa ICU, chumba cha mahututi, mtamwongeza damu ikishuka kufikia ngapi, na mtaangalia nini kingine zaidi ya namba?" Daktari mzuri atamwambia kuwa namba haitazamwi peke yake. Wanaangalia presha, mapigo, damu inavyojaa kwenye chupa ya kunyonyea, vitambaa vya kufyonzea damu vilivyolowa, na uvimbe wenyewe una mishipa ya damu mingi kiasi gani. Meninjioma nyingine inatoka bila fujo, nyingine inavuja kama bomba, na picha ya MRI huwa inamdokeza mpasuaji mapema. Muulizeni pia kama watatumia asidi ya traneksamiki, dawa inayosaidia damu isitoke ovyo.

Kuhusu vidonge vya damu: chai. Nakuomba umwangalie Mama anavyovimeza. Akivishushia na chai ya rangi, kama kina mama wengi wa mlimani wanavyofanya, sehemu kubwa ya madini ya chuma inaishia chooni. Ameze na maji au juisi ya chungwa, chai ikae mbali kwa saa moja au mbili. Maini, dagaa, nyama nyekundu, na kisusio kama bado anakipenda, vyote vina chuma kinachoingia mwilini kirahisi. Vidonge vikimchafua tumbo asiviache kimyakimya, kuna chuma cha kupitia mshipani, mwulizeni daktari kama kinapatikana na kama kinamfaa. Na damu ipimwe tena kabla ya tarehe. Msiende mkitegemea rangi ya viganja.

Yule mtu wa getini mwacheni kabisa. Tunawaita vishoka kwa sababu ndio walivyo, na kwenye damu kishoka ni mbaya kuliko kwenye kiwanja. Anayeuza damu yake ana kila sababu ya kuficha kwamba wiki jana alikuwa na homa, au kwamba alitoa mwezi uliopita mahali pengine. Damu hainunuliwi. Mpango wa Taifa wa Damu Salama una kituo cha kanda hapo hapo Moshi, na mchangiaji anatakiwa awe na miaka 18 hadi 65, kilo 50 au zaidi, mwanamume akae miezi mitatu kabla ya kurudia na mwanamke minne. Kwenye jumuiya ya Mama na kwaya yake hamkosi wanne. Anzeni wiki hii, kwa sababu damu inachukua muda kupimwa, na kama mmoja atakutwa na upungufu mtakuwa na nafasi ya kutafuta mwingine. Kaka naye ashuke kutoka Njiro akatoe, itamtuliza kuliko kupiga simu.

Ila mjue: damu mtakayotoa inaingia kwenye akiba, na Mama atapewa itakayopatana naye kutoka humo. Hii inanifikisha kwenye ile "labda" yake, ya damu ya watoto. Naelewa moyo wake, lakini damu ya mtoto kwa mzazi haina usalama wa ziada. Kwanza kundi linaweza lisiendane. Pili, kuna ugonjwa wa nadra ambapo chembe nyeupe za ndugu wa karibu hazitambuliwi na mwili kama wageni, zinakaa, kisha zinaushambulia mwili, na wanaoupata karibu wote hufa. Ndiyo maana penye mashine, damu ya ndugu wa karibu hupitishwa kwenye mionzi kwanza. Tatu ndilo ninaloliogopa mimi zaidi, na halimo kwenye vitabu vingi: mtoto aliyesukumwa na ukoo kumtolea mama yake damu hawezi kusema mbele ya wenzake kwamba kuna jambo linamfanya asitoe.

Sasa tufike kwa Mama mwenyewe, maana hapo ndipo penye kazi.

Kaka anasema hawezi kuamua. Kusahau leo ni Jumanne au Jumatano hakumwondolei mtu haki juu ya mwili wake. Madaktari huangalia mambo ya wazi: anaelewa anachoambiwa? Anaweza kukishika kwa muda wa kutosha kukifikiria? Anapima faida na hasara zake? Anaweza kusema uamuzi wake? Mama alikupa uamuzi na sababu yake, halafu ulipomletea wazo jipya akalipima akasema "labda". Huyo anaamua, mwanangu. Ni kweli kwamba uvimbe wa ubongo unaweza kumfanya mtu awe na siku nzuri na siku mbaya, basi mazungumzo yafanyike saa ambayo kichwa kimetulia, na daktari ndiye apime kama anaelewa, si mtoto aliye Njiro.

Kwa hiyo fomu usiisaini. Mwenye akili zake anasaini mwenyewe. Kumsubiri alale ndipo aongezwe alichokataa ni kumfanyia hila, na akija kujua, na watu hujua, hatamwamini daktari wala wewe kwa kipindi kile anapowahitaji zaidi.

Lakini vilevile usiifanye hofu yake kuwa msimamo ambao hajaufikia. Mashahidi wa Yehova wanakataa damu kwa imani, wamelifikiria tangu wakiwa wazima, wengi wana kadi mfukoni, na madaktari wanajua namna ya kujipanga nao au kuwaambia wazi kwamba hawataweza. Mama yako anakataa kwa sababu alimwogesha dada yake akiwa mifupa mitupu. Alichokiona ni cha kweli. Enzi hizo kila hospitali ilijitafutia damu yake, mara nyingi kwa ndugu waliokuwa mlangoni. Damu Salama ilianza mwaka 2004, na sasa kila chupa inatakiwa ipimwe virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende kabla ya kumfikia mgonjwa. Usimwambie hatari ni sifuri, kwa sababu mtu aliyeambukizwa siku chache tu zilizopita anaweza asionekane kwenye kipimo. Mwambie imekuwa ndogo sana, kisha mnyamaze wote wawili akuulize anachotaka kuuliza. Akitaka kuzungumza habari za dada yake, msimkatize. Inawezekana tangu 1994 hakuna aliyemwuliza.

Na siri? Usiende kwa daktari kwa mlango wa nyuma. Mwambie Mama hivi: "Mama, lile ulilonieleza usiku siwezi kulibeba peke yangu, na daktari hawezi kukupasua bila kulijua. Nataka uliseme wewe mwenyewe, mimi nitakaa pembeni yako." Nadhani atakubali. Asipokubali, mwambie waziwazi kwamba utamgusia daktari jambo moja tu, kwamba Mama ana hofu kuhusu damu na anahitaji kuzungumziwa peke yake. Mpasuaji akilijua mapema anaweza kubadilisha mengi: kusubiri damu yake ipande zaidi, kupanga kuutoa uvimbe kwa awamu, kumpeleka kituo kikubwa zaidi. Akilijua siku ya upasuaji, Mama yuko kwenye kitanda cha magurudumu, hakuna kinachobadilika zaidi ya kuahirisha au kubishana koridoni.

Kwenye mazungumzo hayo aulizwe maswali mawili tofauti, watu huwa wanaliuliza la kwanza tu. La kwanza: damu ikitoka sana mezani na bila kuongezwa utakufa, unakubali kuongezwa? La pili: siku mbili tatu baadaye uko ICU, bado huwezi kusema, damu imeshuka, madaktari wanaona kuongezwa kutausaidia ubongo upone vizuri lakini si lazima kwa uhai, unataka nini? Anaweza kusema ndiyo kwa la kwanza na hapana kwa la pili, na ana haki. Majibu yaandikwe kwenye faili lake kwa maneno yake, ataje na nani aulizwe wakati yeye hawezi kujibu.

Chumbani aingie Mama, daktari na wewe. Kaka akae nje mpaka Mama amwite.